Hongo ya Mlango Mdogo

Sauti ya nondo ikivunja bega la mtu si kubwa. Hufanana na sauti ya katoni ya biskuti inapokanyagwa. Niliisikia nikiwa kwenye mlango mdogo wa ghala ninalolisimamia hapa Tabora, asubuhi ya jua kali, na aliyeshika nondo alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa shati lililopigwa pasi, kalamu ikiwa mfukoni. Naanza na hilo kwa sababu wageni wa makao makuu, wanaponiuliza tulifanyaje hadi oda zikaanza kutoka haraka namna hii, hupenda nianze na kompyuta.

Kompyuta ilikuwepo. Nilisomea ugavi chuo kikuu, na kwa miaka mingi elimu yangu ilikuwa na kazi moja tu: kupokea shehena kutoka Dar es Salaam, kuipanga, na kuipakia kwenye malori ya kwenda maduka yetu ya Nzega, Igunga na kwingineko. Kila duka lilikuwa na siku yake. Duka likiishiwa sabuni kabla ya siku hiyo, wateja walinunua sabuni kwa jirani na maisha yakaendelea. Kisha wateja wakabadilika. Mmoja aliagiza kwa simu, mwingine kwa mtandao, mwingine alisimama ndani ya duka la Igunga akitaka kitu ambacho kilikuwa kwenye rafu yangu. Kila mmoja alikitaka leo. Tukaacha kuitenga mali ya maduka na mali ya majumbani. Ikawa mali moja, oda yoyote ikichukua palipo karibu. Bidhaa zinazotoka sana tulizisogeza mbele. Tukaweka meza ya kufungia vifurushi. Na ili bodaboda wasikwame nyuma ya malori uani, tukatoboa ukuta wa upande wa barabara tukaweka mlango mdogo wa chuma, unaopandishwa na kushushwa kwa mnyororo. Niliupenda mlango ule kama watu wanavyopenda nyumba waliyoijenga wenyewe.

Kiongozi wa wapakiaji wetu ni Mnyamwezi kutoka Lusu, mtu mwenye shingo nene na sauti ya besi ambayo kwaya ya kanisani kwake haiwezi kusafiri bila hiyo. Miongoni mwa bodaboda waliochukua vifurushi vyetu alikuwepo Mgogo mmoja, mzaliwa wa Manyoni, aliyeoa hapa mjini. Wawili hao walikuwa watani. Utani huo ni wa tangu enzi za misafara: wapagazi wa Unyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani walilazimika kukatiza Ugogo, na Ugogo hapakupitika bila kulipa hongo, yaani ushuru wa njia. Wajukuu wa waliolipa na wajukuu wa waliopokea hawajasameheana hadi leo, na huko kutosameheana ndiko kunakowachekesha.

Kwa hiyo, tangu vifurushi vilipokuwa vikitolewa ndani ya ua wetu uliozungukwa na ukuta, Mgogo akimwona Mnyamwezi amebeba katoni begani, alimnyemelea kwa nyuma, akapiga kelele, "Hongo!" na kumpokonya, kisha akatimua mbio. Mwenye mzigo alimfukuza kwa matusi, na mzigo ulirudi pale tu wapakiaji wengine walipoona tusi limefika.

"Simama, mtumwa wangu! Umeona wapi Mgogo akabeba kitu akakifikisha?"

"Mtumwa ni wewe uliyezaliwa na ngata kichwani! Mama yako alikutua chini ukalia unataka mzigo!"

Neno hilo, mtumwa, katika mji ambamo watu walipitishwa wakiwa wamefungwa shingo kwa shingo, halisemwi na mtu kwa mtu. Mtani peke yake ndiye anayelisema, na anayeambiwa hucheka hadi machozi. Mimi nilikuwa nikiwatazama kutoka dirisha la ofisi na kuona dakika zikipotea, lakini siku za lori zilikuwa na dakika nyingi.

Tulipohamishia vifurushi mlango mdogo, mchezo ulihama navyo. Hakuna aliyeufikiria. Uani, kila aliyetazama aliujua. Barabarani walikuwepo wasafiri wa mabasi ya Nzega na Igunga, wauza maji, mafundi, watu walioingia mjini asubuhi hiyo hiyo. Na siku hizo vibaka wa pikipiki walikuwa wakipora simu na mikoba mtaa mzima. Siku chache nyuma walikuwa wamemburuza mama mmoja kwa kamba ya mkoba wake hadi ngozi ya uso ikabaki kwenye lami. Watu walikuwa na hasira iliyokosa wa kumwangukia.

Asubuhi ile kiongozi wa wapakiaji alitoka mlangoni na boksi begani, ndani yake chupa ya chai iliyoagizwa kwa simu na mteja wa hapa mjini. Mgogo alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo. Pikipiki yake iliunguruma ng'ambo ya barabara.

"Hongo!"

Akalinyakua, akakimbia. Mpakiaji akamfuata akicheka, na kama desturi ilivyomtaka, akaunguruma kwa besi yake yote: "Mkamateni huyo! Mkamateni mtumwa wangu!"

Wakamkamata.

Mwanamke mmoja alisema "Mwizi!" mara moja tu, wala si kwa sauti kubwa. Kijiwe kizima cha mafundi kiliinuka. Mtu alimpiga teke la ubavuni akiwa anapanda pikipiki, naye akaanguka nayo, bomba la moshi likimlalia mguuni. Nilimwona usoni wakati huo. Alikuwa bado anacheka. Tofali la kwanza lilimkuta akicheka. Nadhani aliamini kwamba mchezo umepata wachezaji wapya. La pili lilimpiga jichoni na kicheko kikakatika katikati ya pumzi. Baada ya hapo sikuona uso tena, niliona viatu. Viatu vya ngozi, kandambili, buti la mvua la muuza samaki, vikipanda na kushuka juu ya kitu ambacho kila vilipokiangukia kilitoa sauti ya maji.

"Ni mtani wangu!" mpakiaji alikuwa akipiga kelele huku akipenya. "Acheni! Namjua! Ni mtani wangu!"

"Mtani gani anayekuibia mchana kweupe?"

"Toka, mzee, utaumia bure."

"Tulikuwa tunacheza!"

"Basi na sisi tunacheza."

Watu walicheka kwa jibu hilo. Nalikumbuka vizuri kuliko mapigo yenyewe, lile cheko, kwa sababu lilikuwa cheko la kawaida, la watu wanaongoja basi.

Mtu fulani alifungua tanki la pikipiki na kuiinamisha. Petroli ilimwagika juu ya miguu ya aliyelala, harufu yake ikatufikia mlangoni. Mwingine alianza kuulizia kiberiti, akigeuka kwa huyu na kwa yule, kwa adabu kabisa: "Kaka, una kiberiti? Dada, kiberiti?" Hapo mpakiaji akafanya jambo ambalo mimi, niliyekuwa nikipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia, nisingeweza kulifanya. Alijitupa juu ya mtani wake, mwili mzima, akajipaka petroli ile ile, ili atakayewasha awashe wawili.

Mwanamume mwenye kalamu mfukoni akasema, "Huyu naye ni mwenzake," akashusha nondo.

Bega lile lilikuwa limebeba mizigo ya nusu ya mkoa. Mpakiaji hakupiga ukunga. Alimkumbatia mtani kwa mkono uliobaki.

Wapakiaji wengine walikuwa wamesikia. Walitoka kwa mlango mdogo wakisukuma toroli zilizojaa madumu ya mafuta ya kupikia, wakaziingiza kwenye umati kwa mbio, bila kupunguza, zikavunja miundi ya watu na kuangusha wanawake kwa wanaume. Mmoja wao, kijana mpole ambaye sijawahi kumsikia akijibu mtu vibaya, alichomoa mpini wa toroli na kumpiga nao mwenye shati safi mdomoni, na alipoanguka akampiga tena. Niliona meno yakiruka. Sikumzuia. Nasema wazi kwamba nilifurahi, na kwamba furaha hiyo ilinikaa mwilini hadi jioni kama joto la homa, nikaelewa jinsi ilivyo rahisi kuulizia kiberiti kwa adabu.

Waliwaburuta wote wawili ndani. Nikavuta mnyororo, mlango ukashuka. Kwa muda mrefu mawe yaligonga chuma kile, na viganja, na mtu mmoja aliyekuwa akirudia, "Tupeni wetu! Tupeni wetu!" kana kwamba tumechukua kifurushi chake.

Tulimlaza Mgogo juu ya katoni zilizofunguliwa. Jicho la kushoto halikuwepo mahali pake. Goti lilikuwa limegeukia upande. Alipumua kwa mkoromo, na kwenye kifua alikuwa amekumbatia lile boksi. Vidole vyake vilikataa kufunguka. Kwenye meza ya vifurushi simu ya oda ikaita, nikaipokea kwa mazoea.

"Mbona chupa yangu haijafika?" mteja aliuliza. "Nina wageni jamani, nitawapa chai kwenye nini?"

"Imechelewa kidogo, mama. Utuwie radhi."

Mkono ulioshika simu ulikuwa na damu, na sauti yangu ilikuwa ile ile ya siku zote.

Polisi walitawanya watu, gari likawapeleka hospitali. Siku zilizofuata tuliishi tukingoja jambo moja tu, kama Mgogo atapona au atakufa. Mpakiaji, mkono ukiwa umefungwa shingoni, alikaa kwenye benchi nje ya wodi kutoka asubuhi hadi walipomfukuza. Nilikuwepo siku mke wa mgonjwa alipomletea uji.

"Shemeji," alimwambia, "mbona umenyamaza? Ndani kule haongei, lakini anasikia. Ingia umtukane kidogo."

"Siwezi, shemeji."

"Wewe ndiye mtani wake."

"Akifa nitamtukana. Itabidi. Nitalala kaburini mwake nizuie wasimzike, nitaigiza anavyotembea, watu wacheke, ndiyo kazi ya mtani msibani." Alitazama uji bila kuunywa. "Nimekwisha kuyafikiria maneno yote ya siku hiyo, shemeji. Yananijia yenyewe. Ndiyo maana siingii."

Mwanamke yule hakulia. Alimwekea mkono kwenye bega zima, akaenda zake.

Mgogo hakufa. Alitoka wodini akiwa na jicho moja na goti lisilokunjika, akaenda kuuguzwa kwao Manyoni. Huku nyuma nikapanga upya mlango. Nilichora mstari wa njano sakafuni: wapakiaji upande huu, bodaboda upande ule, meza katikati. Mpakiaji anaweka, bodaboda anachukua, hakuna kugusana, hakuna kelele. Makao makuu walisifu, na kusema kweli mpangilio ulistahili sifa. Oda za mjini zikawa zinatoka kabla chai ya asubuhi haijapoa; vifurushi vya Nzega na Igunga viliwahi basi la kwanza. Kiongozi wa wapakiaji alirudi na bega lililoungika vibaya, limeinama kama rafu iliyolegea skrubu, na akaufuata mstari kuliko wote. Alikabidhi kila kifurushi kwa mikono miwili. "Karibu, kaka. Safari njema, kaka." Hata kwenye kwaya, niliambiwa, alikuwa amehamia viti vya nyuma.

Kisha asubuhi moja Mgogo akatokea mlangoni akichechemea, amekuja kuomba kazi ya kuendesha bajaji ya vifurushi, maana bajaji haihitaji goti. Nilimkubalia hapo hapo na kumpa oda ya kwanza. Akasimama ndani ya mlango, nyuma ya mstari wa njano. Mpakiaji aliweka boksi mezani, akalisukuma taratibu.

"Karibu, kaka."

"Kaka?" Mgogo aliligeuza jicho lake moja. "Tangu lini mimi nikawa kaka yako?"

Mpakiaji alitazama barabarani, ambako watu walikuwa wakingoja basi, kijiwe cha mafundi kikiwa kimejaa.

"Nimelala wodini siku zote zile," Mgogo aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, "wananiambia Mnyamwezi wako amekaa nje, amekaa nje. Nangoja tusi. Nikasema huyu labda amekufa yeye, mimi nimebaki."

Watu wa bodaboda waliokuwa nje, nyuma yake, wakaanza kupiga honi. Kwenye kompyuta oda zilikuwa zikipangana. Mpakiaji alizunguka meza, akaukanyaga mstari wa njano kana kwamba haukuwepo, akashika mnyororo na kuushusha mlango hadi chini. Barabara ikapotea, tukabaki kwenye mwanga wa taa za ghala. Akalichukua boksi, akaliweka juu ya bega lililovunjika, nikaona anavyouma meno. Akampa Mgogo mgongo, akaanza kutembea polepole kati ya rafu.

Nje walikuwa wakigonga chuma na kuuliza kuna nini. Sote tuliokuwa ndani tulishtuka kwa sauti ile, Mgogo zaidi yetu. Alijikunja, mkono ukiwa juu ya jicho. Nilidhani yameishia hapo. Kisha akajinyoosha, akachechemea nyuma ya mwenzake, goti likichora vumbi, hadi akamfikia.

"Hongo," alisema, kwa sauti ambayo karibu nisiisikie.

Akalishusha boksi kutoka begani. Wakasimama wakitazamana, mmoja akiwa na mzigo, mwingine hana.

"Kimbia basi, mtumwa wangu," mpakiaji alisema.

"Nitakimbilia wapi na mguu huu?"

Sikuufungua mlango hadi walipomaliza.