Mnyororo wa Kufukuzia Mbwa

Nilitoka Iringa asubuhi kwa basi, kwa sababu ya simu ya shemeji yangu, Mariamu. Mdogo wangu Yohana alikuwa ameungua akijaza petroli, na ananitaka mimi. Nimeendesha malori ya mafuta maisha yangu yote; alisema nitajua moto ulikotoka.

Mikumi, abiria walisimama kuangalia tembo. Mimi sikuona hata mkia.

Saa tisa tulikwama kwenye foleni ya Ubungo. Mbele yetu palikuwa na lori la mafuta, likiburuza mnyororo wake kwenye lami. Zamani Yohana alipanda lori langu akaniuliza mnyororo ule ni wa nini. Nilikuwa na haraka. Nikamjibu, "Wa kufukuzia mbwa." Alicheka mpaka machozi.

Hospitalini nilimkuta amefungwa bandeji, yamebaki macho na mdomo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Simu nilizima. Sigara sivutagi. Kule Chanika wanasema ni mkono wa jirani yangu, tuligombania mpaka wa shamba. Moto ulitoka wapi?"

"Dumu ulilijazia wapi?"

"Si juu ya pikapu? Lile dumu la chuma. Nimetandika turubai la plastiki, natandikaga siku zote ili mihogo isichafuke."

"Hukulishusha chini?"

"Likijaa ni zito, kaka. Nilishushe ili iweje?"

Nikamweleza. Kwetu wakati wa baridi ukivua sweta husikia linatatarika. Petroli nayo ikipita kwenye mpira wa pampu huzaa umeme wa namna hiyo. Dumu likiwa chini, umeme huishia ardhini. Juu ya plastiki hauna pa kwenda, hujikusanya, kisha huruka kama cheche. Mnyororo wa lori ni wa kuupeleka ardhini.

Alinigeuzia macho.

"Si ulisema wa mbwa?"

"Nilisema."

Kesho yake saa nne asubuhi alifariki.

Tulimzika Chanika, nyuma ya mihogo yake. Jirani alikuja, akakaa peke yake. Kila kiti alichosogelea kilihamishwa. Hasira zilinipanda, na aibu pia. Nikasimama mbele ya waombolezaji nikaeleza yote, turubai, dumu na ile cheche. Kisha nikasema Yohana aliwahi kuniuliza kuhusu mnyororo, nami nikamjibu ni wa kufukuzia mbwa.

Watu watatu wanne walicheka, kisha wakaziba midomo. Wote waliijua hadithi hiyo. Mariamu alisema Yohana aliwasimulia kila lilipopita lori la mafuta, na kila mara alimalizia, "Kaka yangu ndiye aliyeniambia, na yeye ni dereva."

Nilirudi Iringa nimekaa kiti cha dirishani. Tulipishana na malori ya mafuta mengi. Kila lililopita niliangalia chini, nyuma ya matairi.