Swali Asilomuuliza Bintiye

Pale Skarvøy, mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Norwe, ilikuwa vigumu kumpata daktari au muuguzi ambaye hakupita mikononi mwa Torgunn Elvevoll. Wengi walimwita Mama Kisonono, wengine nyuma ya mgongo wake, wengine mbele ya macho yake, naye hakuwahi kununa. Alisema mtu anayechekwa husikilizwa, lakini anayeogopwa hudanganywa.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wauguzi na madaktari namna ya kuwahudumia watu wenye magonjwa ya zinaa. Alipanda meli ya pwani na sanduku lake, akashuka mji baada ya mji mpaka karibu na mpaka wa Urusi. Sandukuni mlikuwa na picha za vidonda, vijiti vya pamba vya kuchukulia vipimo, kondomu za kila aina, na uume wa mti aliochonga mumewe, Oddleif, dereva wa gari la kuondoa theluji barabarani. Oddleif aliuchonga kwa mbetula, mti wenye gome jeupe unaoota kwao, akaupiga msasa mpaka ukang'aa, kisha akamkabidhi mkewe akimwambia asimtaje mchongaji, watu wasije wakadhani amejichonga mwenyewe.

Torgunn hakuichagua kazi hii kwa bahati. Alipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, aliwahi kusimama wodini na trei ya sindano mkononi wakati daktari mkuu akimhoji msichana wa kiwanda cha samaki. Daktari alimuuliza mbele ya wanafunzi wote amelala na wanaume wangapi, na msichana alipochelewa kujibu, akamwambia ahesabu kwa vidole, na vikiisha avue soksi. Watu walicheka. Msichana akavaa koti lake taratibu, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akatoka bila kuchomwa sindano. Torgunn hakusema neno. Lakini kicheko kile kilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki, na miaka yake yote ya kazi ilikuwa ni kukohoa autoe.

Darasani alikuwa hodari. Aliwapanga wanafunzi wawili wawili, mmoja mgonjwa na mmoja daktari, akawalazimisha kuuliza kwa sauti yale maswali ambayo ulimi hukataa: umelala na nani, ni mwanamume au mwanamke, mlitumia kinga, lini. Daktari mmoja mzee aliiva uso kama uduvi wa kuchemshwa, na Torgunn akamrudisha kwenye swali lile lile mpaka akaliuliza kama anayeuliza bei ya viazi. "Ugonjwa tuna vidonge vyake," aliwaambia. "Aibu ndiyo haina vidonge. Ukiona haya wewe kuuliza, gharama atalipa mgonjwa." Na somo alilolikazia kuliko yote lilikuwa la msichana anayekuja na maumivu chini ya kitovu. Msikimbilie kusema ni hedhi, aliwaonya. Mara nyingi msichana huyo ana klamidia, ugonjwa unaopanda kimya kimya mpaka kwenye mirija ya uzazi na kuiharibu, na mwenyewe asijue.

Nyumbani alikuwa na mtoto mmoja tu, Vårin, aliyezaliwa wakati wazazi wameshakata tamaa. Torgunn aliamini kuwa nyumba yake haina aibu. Kondomu zilikaa bafuni ndani ya kikapu kimoja na taulo, na mezani palizungumzwa usaha na vipele huku watu wakila samaki. Asilolijua ni lililompata mtoto siku ile mama yake alipokuja kufundisha shuleni kwao. Vårin alikaa safu ya nyuma akitazama kiatu chake. Darasa lote lilikuwa likiupokezana ule uume wa mti, na ulipomfikia yeye, kijana mmoja akamuuliza kama ni wa baba yake. Tangu siku hiyo akawa Binti Kisonono. Kwa mama yake utani huo ulikuwa ngao. Kwa msichana wa miaka kumi na minne ulikuwa kofi la kila asubuhi. Hakumwambia mtu.

Alipofika miaka kumi na saba alipata mpenzi, kijana fundi wa pikipiki za theluji, mwenye maneno matamu na kichwa chepesi. Baada ya muda akaanza kuhisi mkojo ukimchoma. Alingoja mama yake asafiri kufundisha, ndipo akaenda kliniki ya vijana. Aliyemfungulia mlango alikuwa Gry Nymo, muuguzi kijana, mwanafunzi aliyependwa na Torgunn kuliko wote. Gry alimpokea kama alivyofunzwa, hakushtuka, hakutaja jina la mama yake, akauliza yote kwa upole. Majibu yalipokuja ni klamidia. Akampa vidonge, akamwambia mpenzi wake naye lazima atibiwe, na yeye mwenyewe arudi kupimwa tena.

Kijana yule aliapa amemeza dawa. Hakuwahi hata kukanyaga kliniki. Hivyo Vårin alipona, kisha akaambukizwa upya na mtu yule yule, na safari hii hakurudi. Wakati huo halmashauri ilikuwa imehamishia kliniki kwenye jengo moja na ofisi ya Torgunn ili kupunguza gharama, na kuufikia mlango wa Gry ilibidi upite mbele ya mlango wa kioo wa Mama Kisonono. Vårin alipanda ngazi mpaka katikati, akasikia sauti ya mama yake ikicheka na mtu kwenye simu, akageuka. Gry alimtumia ujumbe wa kumkumbusha. Vårin akajibu kwamba ameshapona.

Majira ya baridi yale Torgunn alirudi kutoka safari ya kufundisha, akamkuta binti yake amejikunja sebuleni, ameshika tumbo, jasho jembamba usoni. Akavua viatu, akajaza maji ya moto kwenye chupa ya mpira, akampa dawa ya maumivu na kumfunika blanketi. Akamwambia hedhi za ukoo wao ni kali, hata bibi yake alikuwa hivyo hivyo. Kisha akakaa pembeni yake, mkono mmoja ukimpapasa nywele, mwingine ukipanga picha za somo la wiki inayofuata. Baada ya siku chache maumivu yakatulia. Maisha yakaendelea.

Yaliendelea kwa miaka. Vårin alihamia Trondheim, akasomea uchoraji wa ramani, akaolewa na Eskil, mwalimu mpole wa hesabu. Wakataka mtoto, mtoto hakuja. Torgunn hakuuliza, maana aliwafundisha watu pia kwamba si kila swali ni la kila mtu. Alifuma soksi ndogo, akazificha kabatini.

Pasaka moja Vårin alikuja peke yake. Walikwenda kwenye kibanda chao cha mlimani, kama kila mwaka. Jua lilikuwa kali juu ya theluji, Oddleif alikuwa nje akichimba njia ya kwenda chooni, na Torgunn alikuwa akimimina rojo la unga wa mikate kwenye chuma cha kuokea. Vårin akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mirija yake yote miwili imeziba. Kovu la zamani. Walikuwa wamejaribu kupandikiza mimba hospitalini, ikashindikana kila mara, na sasa madaktari wamewashauri waache.

Torgunn alizima jiko. Kisha akauliza, kwa sauti ile ya darasani, kovu hilo limetokana na nini.

"Mama, wewe ndiye mkufunzi," Vårin akasema. "Unajua limetokana na nini."

Akamsimulia yote, yule kijana, Gry, ngazi, mlango wa kioo. Torgunn alisikiliza akiwa amesimama, kijiko bado mkononi. Binti alipomaliza, mama akamuuliza kwa nini hakuja kwake, katika watu wote wa mji ule.

"Mji mzima ulikuwa na pa kwenda, mama. Mimi tu sikuwa napo. Kwangu kliniki ilikuwa ni wewe."

"Ungeniambia tu. Unajua nisingekugombeza."

"Najua. Ungenifanya mfano." Vårin alitazama dirishani, kule baba yake alipokuwa akirusha theluji. "Unakumbuka ile siku nimelala sebuleni naumwa tumbo? Ulikaa pale pale, na zile picha zako mapajani. Nilikuwa nangoja uniulize. Nikasema, akiniuliza tu namwambia. Hukuniuliza."

Oddleif aliingia akipangusa viatu, akauliza mbona hakuna harufu ya mikate.

Aliporudi mjini Torgunn alikwenda moja kwa moja kwa Gry. Siku hizo Gry alikuwa mkuu wa kliniki, mama wa watoto watatu, nywele zimeanza mvi. Torgunn hakukaa kwenye kiti.

"Ulijua," akamwambia. "Miaka yote hii tunakunywa kahawa pamoja, na ulijua."

Gry hakuuliza anazungumzia nini. Akasema hawezi kusema lolote juu ya mtu yeyote aliyeingia mlango ule.

"Yeye mwenyewe ameniambia. Usinifanye mjinga."

"Basi yeye ndiye mwenye ruhusa, mwalimu. Mimi sina." Gry akainama, kisha akainua macho. "Nilikuuliza darasani, mwaka wangu wa kwanza. Nikasema, hapa kwetu watu wote wanajuana, tufanye nini akija mtoto wa mtu tunayefanya naye kazi? Ukanijibu, hata akiwa ni binti yangu mimi, ukija kuniambia nitahakikisha unafukuzwa kazi. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliandika."

"Nilisema mfano tu."

"Kwangu haukuwa mfano. Ilikuwa ni kila Ijumaa ukiniletea keki na kunieleza habari za Vårin."

Torgunn akatoka. Alitafuta kwenye moyo wake mahali pa kumwekea Gry lawama, asipaone. Kama Gry angesema, wasichana wa Skarvøy wasingerudi tena katika kliniki ile. Kijana wa pikipiki alikuwa ameshakuwa mtu wa makamo mwenye tumbo, na watoto wanne, alimkuta dukani akichagua soseji. Halmashauri ilihamisha kliniki kwa sababu ya kodi ya nyumba. Kila mlango aliobisha ulifunguliwa na mtu asiye na hatia, mpaka akarudi kwenye ule wa kwake.

Oddleif alijaribu kumtuliza. Alimwambia hata mganga hajigangi, na kwamba hakuna mama anayemtazama mtoto wake akaona mgonjwa.

"Ndiyo maana nilikuwa nalipwa," Torgunn akamjibu. "Nione."

Kiangazi alimpigia simu binti yake. Alikuwa amefikiri sana. Alisema yale yaliyotokea sebuleni yangewafundisha madaktari kuliko picha zake zote, na kwamba hatataja jina, hatataja mji, atasema tu mama mmoja muuguzi. Huenda wasichana wengine wakapona kwa ajili yake. Alisema hayo kwa haraka, kama mtu aliyeyakariri.

"Hapana, mama," Vårin akasema. "Nilishapitishwa darasani mara moja. Hiki ni changu."

Torgunn akasema ameelewa. Na alikuwa ameelewa, maana ndivyo alivyokuwa akiwafundisha watu miaka yote, kwamba siri ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa.

Aliendesha mafunzo mara moja tu baada ya hapo. Alifundisha vidonda, akafundisha kaswende, akawachekesha na uume wa mbetula. Lilipofika somo la maumivu ya tumbo alimwachia Gry, akatoka ukumbini akasimama kwenye korido, akisikia kwa mbali sentensi zake mwenyewe zikitoka kinywani mwa mwingine. Gry alizisema vizuri. Daktari mmoja kijana akauliza kama kweli kuna muuguzi mzoefu anayeweza kupitwa na jambo dhahiri namna hiyo. Gry akajibu kwamba wapo, kisha akaendelea na somo.

Mwaka uliofuata mafunzo yakahamishiwa kwenye kompyuta. Wauguzi wanabonyeza majibu, wanapata cheti, hakuna anayelazimika kutamka chochote mbele ya mwenzake. Torgunn alipewa saa ya ukutani na maua. Hakupinga. Waliomjua zamani walishangaa, maana Mama Kisonono wa zamani angepanda meli mpaka Oslo kwenda kuwatukana.

Vårin na Eskil wamepata mbwa. Jumapili Vårin hupiga simu, na mama huuliza habari za mbwa, amekula nini, ametembezwa wapi, theluji ya huko ikoje. Ni maswali mengi, na yote yana majibu. Kuna Jumapili moja Vårin aliongea kwa sauti ya mafua, na Torgunn akamuuliza kama anaumwa. Vårin akasema hapana, ni baridi tu. Torgunn akafungua kinywa amuulize tena. Lakini binti alikuwa ameshaanza kueleza habari za mbwa.