Picha za Wambui hazina Wambui

Wambui, baba yako anakusalimia, ndugu yako Kamau anakusalimia, hata majirani wa hapa Mwihoko wanakusalimia.

Leo nimemwonyesha shosho, bibi yako, picha zako zote za Madagaska.
Bahari, minazi, mchanga mweupe.
Jirani akanichokoza, "Mama Wambui, siku hizi wewe ni mtu wa ng'ambo."
Tukacheka.

Shosho hakucheka. Aliangalia mpaka ya mwisho, akaniuliza pole pole, "Na mimi niko wapi?"

Wewe ndiye ulichukua jina lake, kwa hivyo akikutaja husema "mimi".

Nikarudia zote. Hauko hata kwa moja.
Wiki tatu unatutumia bahari tu, na simu haushiki.

Marafiki wa Wambui wenye mnampata, mwambieni atume uso wake leo.
Hata kama umekonda, mwanangu, sitauliza.