Kiganja Kwenye Mdomo wa Kabureta

Mimi si mtu wa mashetani. Nataka ulijue hilo kwanza, kabla hujaniweka fungu moja na wale wanaoona vitu kila wakipita penye kichaka. Mimi ni fundi gari, gereji yangu iko Pongwe, na kitu kisichofunguka kwa spana huwa sikiamini. Lakini hili ninalokusimulia lilinifika mchana kweupe, siku ya Ijumaa, jua likiwa utosini. Sikuwa usingizini, sikuwa na homa, na Mungu ananisikia hapa ninaposema.

Dada yangu Zuhura ameolewa Tongoni. Watoto wake wawili wa mwanzo walitoka kwa operesheni, na kwa huyu wa tatu manesi walimwonya bila kumung'unya maneno: uchungu usikukute nyumbani, utakupoteza. Akapangiwa kulazwa mjini Ijumaa ile jioni. Mumewe yuko kwenye mashamba ya mkonge, hakupewa ruhusa, kwa hiyo wa kumpeleka nikawa mimi, kwa kigari changu cha zamani, injini ndogo, cc elfu moja basi.

Sasa tazama mambo. Alhamisi jioni kabureta ikapasuka kitako, petroli inachuruzika juu ya injini ya moto. Haikuwa ya kuziba, ilikuwa ya kutupa.

Kwa usiyejua, kabureta ndiyo pua ya hizi injini za zamani. Hewa hupita kwenye koo lake, njiani ikavuta petroli, vikachanganyika, injini ikapumua. Koo likiwa dogo mno, injini inakabwa. Likiwa kubwa mno, hewa inapita kivivu, haina nguvu ya kuvuta petroli, na siku ukikanyaga mafuta kwa ghafla gari linakohoa kisha linanyamaza. Ubaya wake ni kwamba gereji huwezi kulijua hilo. Gari limesimama, halina mzigo, fundi anavuta waya wa mafuta, linanguruma kama lori, mteja anacheka mpaka jino la mwisho. Sisi watu wa huku tunapenda mlio. Ukimwambia mteja "sikia hiyo," umekwisha mmaliza.

Marehemu mwalimu wangu alinifundisha kipimo cha dole gumba. Kwa injini ya elfu moja, alisema, tia dole kwenye koo la kabureta, liingie na lijae. Likicheza humo ndani, hiyo si yake, iweke chini hata kama mteja analia. Vijana wenye vipimo vyao wananicheka. Wacheke, mimi sijaona kipimo kilichonidanganya kidogo kuliko hicho.

Nilikuwa na kabureta mbili. Moja ilikuwa juu ya rafu, safi, inang'aa, ya injini ya elfu moja mia nane. Ya pili ilikuwa chini ya benchi, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, nimelifunga kwa kitambaa, na kwa miaka sita sikulifungua. Hiyo ya kwenye kopo ilikuwa saizi ile ile ya gari langu. Utaniuliza, sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba haikuwa yangu, na mwenyewe alikuwa kaburini.

Mwenyewe aliitwa Mwinjuma, dereva wa teksi, akibeba abiria wa Horohoro. Miaka sita nyuma aliniletea gari lake linakwama kwama. Kabureta yake ilikuwa na uchafu tu, ya kuosha na kupuliza, kazi ya saa moja. Lakini mimi nilikuwa nayo kubwa nataka kuiuza. Nikamwambia hii yako imekufa, nikutilie hii, gari litapaa. Nilikuwa nimekwisha mringia ile habari ya dole gumba, basi akaniuliza kama nimepima. Nikamwambia nimepima, imekaa. Na dole lilikuwa linacheza humo ndani kama mchi kwenye kinu. Siku ya tatu, alipokuwa analipita lori kwenye njia ya Horohoro, akakutana uso kwa uso na lori jingine. Watu wakasema mbio, wakasema siku yake imefika. Nilikwenda mazikoni. Nikala pilau ya hitima. Nikanyamaza.

Haya, turudi Ijumaa. Saa sita na nusu simu inalia, ni Zuhura, na sauti yake si yake. Uchungu umeanza. Aliniambia, "Kaka, usinichelewee," akakata. Wenzangu wote wameshakwenda msikitini, gereji kimya, bati linalia kwa joto. Nikawapigia watu wawili wenye magari, simu zimezimwa, wako kwenye hotuba. Bodaboda? Mwanamke mwenye mishono miwili tumboni, umpakie bodaboda kwenye matuta? Hata.

Mama yetu alikuwa akitukataza kushika chuma zawali ya Ijumaa, ule wakati jua linasimama na kila mtu yuko kwenye swala. Alisema saa hiyo si yetu. Nilimkumbuka, nikamwomba radhi, nikachukua kabureta iliyong'aa juu ya rafu. Nikakata kibati cha kuiunganisha, maana kitako chake kilikuwa kipana. Nikatia dole. Likacheza. Nikajiambia, leo dharura, nitaendesha taratibu. Unaona mtu anavyoweza kujidanganya huku dole lake mwenyewe linamwambia ukweli?

Nikawasha. Likanguruma, mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Nimeinama kwenye injini, nasikia salamu nyuma yangu, salama aleikum, ya upole. Nikaitikia bila kugeuka, kama tunavyofanya mafundi. Nikadhani mteja. Yule mtu akasogea upande wa pili wa boneti, akasimama, anasikiliza injini, kichwa kakiinamisha upande.

"Fundi, umetia dole?"

Mwili wangu ulipoa pale pale, na jua lile. Maneno hayo aliyapata wapi? Lakini ulimi una mazoea yake, nao ukajibu wenyewe, "Nimetia, imekaa."

"Hivyo hivyo uliniambia."

Sikuinua uso. Nakwambia ukweli, niliogopa kuinua uso. Nilichoona ni mkono. Aliunyoosha juu ya injini, akaweka kiganja kwenye mdomo wa kabureta, akauziba wote. Sasa nisikilize vizuri, na kama una fundi karibu nenda kamuulize. Injini inayofanya kazi ukiiziba mdomo kwa kiganja, inakufa. Haichukui hata hesabu ya tatu. Hewa imekatika, itapumua wapi? Ile haikufa. Iliacha kunguruma, ikatulia, ikalia laini kama cherehani, na kile kiganja kimeziba pale pale. Nikahesabu mpaka ishirini. Ilikuwa inavuta hewa kwa nani?

Kwenye kifundo cha mkono ule palikuwa na kovu la moto, refu, limekunjamana. Nilikuwa nalijua. Rejeta ilimwunguza Mwinjuma kwenye gereji yangu mwenyewe, na ni mimi niliyempaka dawa ya meno pale alipoungua.

Nikamsikia anasema, taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, "Kuondoka litaondoka. Ukitaka kupita mtu ndipo litakapokufa. Yangu iko chini ya benchi, mtilie dada yako. Ukishamfikisha, nenda nyumbani kwangu ukaseme."

Kiganja kikaondoka na injini ikazima. Nilipopata moyo wa kuinua uso hapakuwa na mtu, na uwanja wangu ni mchanga mtupu, mtu akitoka unamwona mpaka barabarani. Mchanga ule ulikuwa na nyayo zangu tu.

Nililia, sioni haya kukwambia. Nikalivuta lile kopo, nikakata kitambaa. Kabureta ya Mwinjuma ilikuwa na vumbi tu. Nikaiosha kwa petroli, nikaipuliza, nikatia dole. Likaingia likajaa. Sijui niliifunga kwa dakika ngapi, spana ilinidondoka mara mbili, lakini iliwaka kwa mpigo wa kwanza, na mlio wake ulikuwa mdogo, wa adabu.

Tongoni nilimkuta Zuhura amekaa chini barazani, kashika nguzo, jirani anamfuta jasho. Tukampakia nyuma na jirani yake. Njiani kwenda mjini tukakutana na lori la mchanga, linatambaa, moshi mtupu, na Zuhura nyuma hasemi tena, anauma kanga. Nikangoja. Nikangoja tena. Jirani yake akaniambia, pita, baba, huyu anaishiwa. Nikatoka kulia, nikakanyaga. Na kule mbele, kwenye kona, basi likatokeza.

Pale ndipo nilipojua Mwinjuma alikufa vipi. Nilijua alikanyaga kama nilivyokanyaga, akasikia kikohozi, kisha kimya, na lori hilo linakuja, na hana pa kwenda. Mguu wangu ulikuwa chini kabisa. Kigari kikaitika. Hakikukohoa hata mara moja, kikavuta, kikapita, nikarudi upande wangu na basi likatupita likipiga honi na kutupigia upepo. Jirani akasoma kalima.

Mtoto ni wa kiume, yuko salama na mama yake yuko salama. Nesi alisema tungechelewa kidogo, tungekuwa tunasema mengine.

Jioni ile ile, hata nguo sikubadili, nilikwenda kwa mjane wa Mwinjuma, Mama Ashura. Akanitolea kiti barazani. Nikamweleza yote, kabureta yake iliyokuwa nzima, ile kubwa niliyomtilia, dole, uongo, nikaomba radhi, nikasema anishitaki akitaka. Nilikuwa tayari anitukane. Hakunitukana. Akamwambia binti yake aingie ndani, akangoja mpaka mlango umefungwa.

"Fundi," akasema, "miaka sita nawaambia wanangu baba yao alikufa kwa kupenda mbio. Kila wakimtaja, nawaambia msiwe kama yeye."

Akafunika uso kwa kanga. Kisha akamwita Ashura atoke, akanitaka niyarudie yale yale mbele ya mtoto. Nikayarudia. Kazi ngumu kuliko ile sijaifanya, na sitarajii kuifanya tena.

Ile kabureta kubwa nimeitundika mlangoni pa gereji. Pembeni mwa mdomo wake pana alama nyeusi ya kiganja, nimeifuta kwa petroli, kwa sabuni, kwa msasa, haitoki. Siku za Ijumaa ikifika saa sita nafunga, awe mteja wa namna gani. Na nikijaribu injini yoyote kwa kuziba mdomo wake, kabla haijazima nahisi pumzi inanirudia kiganjani, ya uvuguvugu, ya mtu.

Basi wewe mwenye gari, fundi akikuvutia waya akakwambia sikia hiyo, usisikilize. Mwambie atie dole mbele yako. Na wewe fundi mwenzangu, kama una kopo lako chini ya benchi, na unalijua, lifungue leo kwa mkono wako. Mimi nilingoja mpaka mwenyewe akaja kulidai, na watoto wake wakakua miaka sita bila kumjua baba yao.