Kiungio Chini ya Sakafu ya Jikoni

Fundi bomba mmoja wa makamo aliishi na mkewe na mabinti zao wawili katika vyumba viwili vya kupanga, nyuma ya ghala la mbao. Walikuwa hapo kwa miaka kumi na tisa. Mkewe alishona sare za shule. Cherehani yake ilikaa katikati ya kitanda na kabati, na mtu akitaka kupita ilibidi mama wa watu asimame kwanza, avute kiti, apishe, kisha aketi tena na kutafuta alipoishia. Mabinti walilala chumba cha mbele na kukunja godoro lao kila asubuhi kabla wateja hawajaanza kugonga mlango. Kwa hiyo mama aliposema kwamba akiba yao sasa inatosha, watafute nyumba yao kule mji mpya, hakuna aliyebisha.

Mji huo mpya ulikuwa umechomoza pembeni mwa jiji kwa kasi ya ajabu. Mwaka huu shamba la mahindi, mwaka ujao duka la dawa, shule ya chekechea na foleni ya magari. Fundi aliujua mji ule kwa chini kuliko watu wengi walivyoujua kwa juu, maana mabomba mengi yaliyolala chini ya sakafu zake aliyalaza yeye.

Dalali aliwapeleka Jumapili mchana. Walipokata kona nyuma ya kituo cha mafuta na kuona nyumba kumi za manjano zilizopangwa safu mbili, fundi alihisi moyo umempiga pa! Akajituliza: nyumba ni kumi, kwa nini iwe ile? Dalali akapita ya kwanza, akapita ya tatu, akasimama mbele ya namba saba na kuanza kutafuta ufunguo mfukoni.

Ilikuwa ile.

Miaka minne nyuma, asubuhi ya kumwaga zege la sakafu ya nyumba namba saba, toroli lililojaa kokoto lilipita juu ya bomba la maji machafu ya jikoni na kupasua kiungio. Kwenye stoo ya ujenzi hapakuwa na kingine. Lori la zege lilikuwa limeshafika, linazunguka na kunguruma, na msimamizi alikuwa akitazama saa. "Funga na mpira, fukia, tumwage," alisema. Fundi alikata kipande cha mpira wa baiskeli, akakizungusha penye ufa, akakaza kwa waya, akafukia mchanga. Moyoni alijiambia kwamba Jumatatu atarudi. Jumatatu aliporudi, watu walikuwa wanatembea juu ya sakafu.

Sasa mkewe alikuwa amesimama katika jiko lile lile, mikono kiunoni, akicheka peke yake. Alifungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu, akalifunga. Alipima ukuta wa dirishani kwa mikono, kama anavyopima kitambaa.

"Cherehani inakaa hapa," alisema. "Nikishona naona barabara. Na mtu akitaka kupita, apite zake!"

Mabinti walikuwa wameshagawana vyumba na kuanza kugombania kabati la ukutani.

Dalali akamgeukia fundi. "Bosi, wewe ndiye mtaalamu. Sema neno."

Fundi alikuwa amesimama juu ya kigae kilicho karibu na mguu wa sinki. Alijua kwamba chini ya kisigino chake, kama futi mbili kwenda chini, ndipo ule mpira ulipo.

"Nyumba ni nyumba," akasema.

Angeweza kumwambia mkewe siku ile ile. Njiani kurudi alijaribu kuyapanga maneno, na kila alipoyapanga aliona uso wa mwanamke huyu ambaye siku zote huwaambia wateja wake, "Mume wangu hafanyi kazi ya kulipua, ya bora liende." Alikuwa akilisema hilo kwa majivuno. Fundi hakutaka kulipoteza.

Basi akaanza visingizio. Kule ni mbali. Kule kuna vumbi. Kituo cha mafuta kitawapigia kelele. Mkewe alivijibu kimoja kimoja, kwa utulivu, huku akitoa karatasi aliyochora vyumba na mahali pa kila kitanda. Siku ya nne visingizio vilimwishia, na alipobanwa akasema jambo ambalo hata yeye hakuliamini:

"Shida yako wewe unataka nyumba ya kuonyesha watu. Ndiyo hiyo tu. Unataka wateja wako wakuone umepanda."

Mkewe alikunja ile karatasi mara mbili, mara nne, akaiweka ndani ya sanduku la vifungo, akaendelea kupinda sketi. Tangu siku hiyo hakuitaja tena nyumba. Wateja walipomuuliza, alisema, "Tumeona si wakati wake," na kuinamisha uso kama mtu aliyefumaniwa na tamaa zake. Fundi aliona, na akanyamaza.

Lakini kabla nyumba haijaachwa kabisa, mama alikuwa ameisifia kwa Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, aliyewafundisha mabinti zao wote wawili kusoma. Goti lilimsumbua, na alikuwa anatafuta nyumba isiyo na ngazi ili atumie vizuri kiinua mgongo chake. Wiki mbili baadaye alikuja jioni, akaketi juu ya kitanda kwa kuwa viti vilijaa sare, akamkabili fundi.

"Baba, kesho natia saini ile nyumba. Nyinyi mmeiacha, nami sitaki kujua ya ndani ya nyumba yenu. Ila wewe ni fundi na uliiona. Ina tatizo?"

Mkewe alikuwa pale pale, sindano mdomoni. Aliacha kukanyaga cherehani ili asikie jibu.

Fundi aliona njia mbili tu. Akisema tatizo lipo, mkewe atauliza kwa nini yeye hakuambiwa, kwa nini aliitwa mtu wa kujionyesha. Akisema halipo, kila kitu kitabaki kilivyo.

"Haina tatizo, Mwalimu," akasema.

"Basi Mungu akubariki. Neno lako linanitosha."

Miezi saba ilipita. Kila siku ambayo Mwalimu hakupiga simu, fundi alijiambia kwamba pengine mpira ule umekaza, pengine utakaa miaka ishirini. Asubuhi moja simu ikaita.

Alimkuta Mwalimu amefungua madirisha yote. Ukuta wa jikoni ulikuwa umevimba na kubambuka rangi, na harufu ya maji machafu ilimpokea fundi mlangoni. Lakini kilichomkata maini zaidi ni kwamba Mwalimu alianza kwa kumwomba radhi.

"Samahani kwa harufu, baba. Mafundi wawili wamekuja, mmoja akabadilisha sinki, mwingine akasema hakuna kitu. Nikafikiri labda ni mimi." Alicheka kidogo bila kumtazama. "Mtu akizeeka hajui anavyonukia. Nikawa naoga mara tatu kwa siku. Wanafunzi wangu wa zamani wakija, nawapokea nje, nasema ndani kuna joto."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipiga magoti karibu na mguu wa sinki, akagonga kigae kimoja kwa mpini wa nyundo. Kililia kama kopo tupu.

"Ni hapa," alisema.

"Wenzako walizunguka nyumba nzima siku mbili. Wewe umejuaje?"

Hapo angeweza kudanganya tena, na uongo ulikuwa tayari mdomoni: uzoefu, Mwalimu, uzoefu tu. Lakini alikumbuka kule kuoga mara tatu kwa siku. Akabaki amepiga magoti, akamweleza yote: toroli, ufa, mpira wa baiskeli, Jumatatu aliyorudi akakuta zege limekauka.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akimsikiliza mtoto aliyeiba rangi za mwenzake.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Kwa mdomo wangu, kitandani kwenu, mkeo akiwepo."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Naye alijua?"

"Hakujua. Hajui mpaka sasa."

Mwalimu alitoka akaenda kusimama kibarazani, mkono mmoja ukutani. Fundi hakujua kama aanze kazi au aondoke. Hatimaye sauti ikaja kutoka nje: "Chimba. Ila saa kumi unaacha, unakwenda kumwambia mkeo. Usipomwambia leo, kesho nitamwambia mimi, na hilo hutalipenda."

Akachimba. Kufikia saa tisa alikuwa amefika kwenye kiungio, na ule mpira ukatoka vipande vipande, mweusi, umeoza, waya umeliwa na kutu. Aliutia katika mfuko wa nailoni na kuondoka nao.

Mkewe alikuwa anatia vishikizo kwenye shati dogo la darasa la kwanza. Fundi alisimama mlangoni, kwa maana pa kupita hapakuwepo, akasema yote akiwa amesimama vile vile. Mwanamke hakuinua kichwa. Alimaliza kishikizo cha tatu, akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "sikuwa napenda kujionyesha."

"Hapana."

"Miezi saba nimejiona mimi ni mtu wa tamaa. Nimewaonea haya hata watoto wangu, kwa kuwachagulia vyumba. Unajua nilivyokuwa naomba? Nilikuwa naomba nipunguziwe tamaa!" Sasa sauti ilipanda. "Na wewe umelala hapo ubavuni unanisikia."

Fundi alimnyooshea ule mfuko, hata hakujua kwa nini.

"Nipeleke wapi uchafu huo? Toa nje."

Hakumfukuza, wala hakupiga kelele tena. Kesho yake alifunga cherehani, akaenda naye kwa Mwalimu. Alifua mapazia na kusugua kuta huku mumewe akiwa ndani ya shimo. Wanawake wale wawili waliongea mambo yao juu ya kichwa chake, wakimtaja kama "huyu". Huyu akimaliza hapo, apake na rangi. Huyu anywe chai nje. Kazi ilichukua siku tisa. Vigae vipya, bomba jipya na rangi vyote vilitoka mfukoni mwake, na hakuna aliyemshukuru. Siku ya mwisho Mwalimu alimwaga ndoo mbili za maji kwenye sinki, akasubiri, akanusa, akasema tu, "Sawa." Jumamosi iliyofuata aliwapokea wanafunzi wake wa zamani ndani.

Nyumbani, lile neno la kazi ya kulipua halikusikika tena. Wateja walipomsifu mumewe, mama aliuliza kipimo cha kiuno. Fundi alilisikia pengo hilo kila mara.

Ulipita mwaka na zaidi kabla mama hajasema kwamba ameona nyumba nyingine, ndogo, haijapakwa rangi, upande wa pili wa mji mpya. Alikwenda kuikagua na fundi bomba mwingine, kijana mwenye mdomo sana, ambaye mama alimlipa kwa kazi hiyo. Mumewe aliambiwa asubiri getini. Akasubiri kweli, begi la vifaa begani, huku wapita njia wakimuuliza, "Fundi, umefungiwa nje?"

Baada ya saa moja yule kijana alitoka, akampa mkono kwa aibu kidogo. "Bomba la bafuni limelala vibaya, mzee. Maji yanarudi. Lakini linarekebishika."

Mama alikuja nyuma yake. Alimtazama mumewe usoni kwa muda, jambo ambalo hakuwa amelifanya sana siku hizo.

"Utalitengeneza?"

"Nitalitengeneza."

"Nitasimama hapo hapo nikitazama. Kila kipande unionyeshe kabla hujafukia."

"Nitakuonyesha."

Wakainunua. Na kweli alisimama, siku mbili mfululizo, mikono imefungwa kifuani, akiinama kutazama kila kiungio na kuuliza hiki kinaitwaje, kile kinazuia nini. Fundi alimjibu kila swali bila kuinua macho kutoka ndani ya shimo. Kabla ya kurudisha mchanga alisubiri mpaka aambiwe, "Haya, fukia."