Masele Hakushindwa

Jamani, akili imegoma kabisa. Jumatatu Masele kanitumia voice note anacheka, Alhamisi napigiwa simu kwamba kifusi kimemfunika kwenye duara, shimo la dhahabu la kaka yake, Nyarugusu. Shimoni alishuka kusaidia tu, shule zimefungwa.

Juzi tumemzika kwao, Kolandoto. Naandika kwa sababu pale msibani nilipewa kipaza sauti, nikakitumia vibaya.

Kwa msiomjua: alikuwa mwalimu wa fizikia Runzewe na rafiki yangu tangu chuo. Mrefu, chaki hadi kwenye nyusi. Ukimsalimia kwa Kisukuma "Ng'wangaluka" jioni, anakukumbusha kwanza kwamba hiyo ni ya asubuhi, ndiyo aitike.

Chuoni tulizama wote kwenye quantum field theory, fizikia ya chembe ndogo kabisa, wenzetu wakatuona vichaa. Yeye alipenda anomalies. Kwenye hesabu za kawaida sheria inalinda kitu vizuri kabisa, kushoto na kulia hakipotei kitu, lakini ukiingiza quantum ulinzi ule unavunjika.

"Na hakuna aliyekosea hesabu, dada!" alikuwa anasema huku anachora pembetatu zake ubaoni. Mimi nakokotoa upya natafuta kosa, yeye ananicheka hadi anakaa chini.

Ikaja nafasi moja ya shahada ya pili kwa supervisor wetu. Moja tu! Mzee wa watu akatuita: "Kwangu mko sawa, siwezi kuchagua. Kaelewaneni."

Tukaelewana kwa sarafu. Ndiyo, watu wazima wawili, wasomi, nje ya maabara, tunarusha shilingi mia. Ikaangukia kwangu.

Nililia mimi niliyeshinda. Akaniambia, "Acha ujinga. Hii ndiyo symmetry breaking yenyewe, ulinganifu kuvunjika. Sheria ilitutendea haki wote, ila sarafu lazima ilalie upande mmoja. Haikukupenda wewe wala kunichukia mimi." Akaenda zake Runzewe kufundisha. Kila nilipokwama kwenye thesis nilimpigia, ananisikiliza huku anasahihisha madaftari ya Form Two.

Maneno yale yalinituliza miaka yote. Sasa hayanitulizi. Ingelalia upande wa pili, leo yeye angekuwa kwenye kiti changu ofisini, anakunywa chai. Najua, angenigombeza kwa kuwaza hivi.

Ila kinachonitafuna zaidi ni cha juzi.

Baba yake mdogo ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alipofika kwenye mambo ya chuo akasema kijana alijitahidi, ila masomo ya juu yalimshinda. Akaninyooshea mkono. "Huyu binti pale ndiye aliyempiku. Watoto wa kike siku hizi!" Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. MC akaniletea kipaza niseme kwa niaba ya marafiki.

Nikasimulia anavyocheka. Nikasimulia chaki. Nikakaa.

Niliona aibu kumrekebisha mzee mbele za watu. Nikajiambia ni heshima. Wanafunzi wake wamejaa chini ya turubai na sare zao, wamesikia mwalimu wao alishindwa, na mimi nimelipitisha kwa kunyamaza. Hapo, Masele, huwezi kuniambia hakuna aliyekosea. Ni mimi.

Jana asubuhi nikamfuata mama yake jikoni. "Shikamoo, mama." Nikamweleza yote, supervisor na sarafu, naye anasugua masufuria ya kuazima.

"Kwa hiyo mwanangu hakushindwa?"

"Hakushindwa, mama. Tulikuwa sawa."

Akaacha kusugua. "Mimi miaka yote namfariji. Namwambia asione aibu, kufeli ni kwa kila mtu. Naye ananijibu tu, sawa mama."

Hakuwahi kumwambia. Yesu wangu!

"Sasa mbona hukusema jana, watu wakiwepo?"

Nikavuta sufuria moja, nikaanza kusugua naye.

Basi wanafunzi wa Mwalimu Masele, wazazi wa Runzewe, ndugu wa Kolandoto, someni hapa: hakushindwa na masomo, wala hakushindwa na mimi. Tulikuwa sawa, na siku nyingi alinizidi. Mwenye namba ya baba mdogo amtumie, nikigombezwa nigombezwe.

Masele, ulikubali mama akufariji kwa kufeli ambako hakukuwepo, ili mimi nisionekane nimebebwa na bahati. Ningejua, ningekuja Kolandoto mwenyewe, ukiwa hai, niseme mbele yako.

Nisamehe, kaka. Lala salama, mwalimu. Mama ameshajua.