Upepo wa Bahari na Mahindi ya Baba

Leo nimemzuia baba kupanda mahindi, na sikukusudia.

Tulikuwa tunakunywa chai hapa kwetu Kabuchai, Bungoma. Akauliza, "Leo shuleni mmesoma nini?"

Mnajua vile mimi huogopa kuongea. Lakini nikajaribu.

Nikamwambia upepo ukitulia juu ya bahari, maji hayakorogeki. Yale baridi yanabaki chini, na jua linachoma ya juu mpaka samaki wanakufa.

"Kama hii chai nisipoipuliza," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akatazama nje. "Na hapa upepo umetulia wiki nzima. Basi hakuna wa kuleta mvua, iko mbali. Rudisha mbegu stoo."

Ati nini? Mimi nilisema bahari, si Bungoma!

Lakini alikuwa ameshatoka kumwambia jirani, "Ngoja kwanza, kijana wangu amesoma." Alikuwa na furaha sana. Nikashindwa kumrekebisha.

Na sisi hupanda kwa vumbi, kabla mvua haijashuka. Ukichelewa, umechelewa.

Sasa wingu jeusi limetoka upande wa Mlima Elgon, na matone yanagonga mabati.

Baba amesimama mlangoni, hajageuka. "Daktari wa bahari, hebu kuja uone."

Bana, nyinyi mngeenda, ama mngejifanya mmelala?